Hoja Iliyoachwa Kwenye Nakala Safi

Mwaka ule nchi ilipokuwa ikitafuta katiba mpya, tulikaa barazani Ruangwa kuijadili rasimu. Usiogope neno hilo. Rasimu ni andiko la kwanza, bado linasubiri kusahihishwa. Hivyo ndivyo nilivyomweleza jirani yangu mjane, aliyekuja kila alasiri nimsomee. Nilikuwa nimestaafu ualimu Nachingwea na kuhamia hapa peke yangu. Zaidi yake, hakuna aliyebisha hodi kwangu.

Yeye alichaguliwa mjumbe, mimi katibu. Alikuwa na hoja moja tu. Huku kwetu shamba laweza kuwa la huyu, mikorosho iliyomo ikawa ya yule. Mumewe alipofariki, wapwa wa marehemu walikuja kuidai mikorosho aliyoipalilia yeye miaka yote. Alitaka katiba imlinde mjane wa namna yake.

“Mtani wangu,” mwenyekiti, Mmakonde, alimchokoza, “unataka Rais aje kukupulizia dawa mikorosho?”

“Aje! Wewe utambebea bomba.”

Tulicheka wote. Kisha tukabishana kutwa nzima, serikali za Muungano ziwe mbili au tatu, hadi kila upande ukalegeza. Ya mjane wakasema ni mambo ya mila.

“Mwalimu, andika tumekubaliana wote,” mwenyekiti aliniambia pembeni. “Huko juu wasije wakasema hatuelewani.”

Hoja ya mjane ilikuwamo daftarini mwangu. Kwenye nakala safi sikuiandika. Nilijiambia kwamba katika maafikiano kila mtu huacha kitu.

Kesho yake alikuja. “Nisomee palipo pangu.”

Nilisoma hadi mwisho. Akaniangalia. Nikaanza kumweleza habari ya wengi na wachache, taratibu, kama nilivyozoea darasani. Alinisikiliza bila kunikatiza.

“Umeeleza vizuri, mwalimu. Lakini hukuniuliza.”

Akakaza khanga yake, akaondoka. Hakurudi tena alasiri.

Katiba mpya haijapatikana mpaka leo. Wapwa waliichukua mikorosho, naye mjane akahamia kwa kaka yake, kijijini Malolo. Siku hizi redio ikitaja katiba, vijana huniuliza, nami huwaeleza kwa furaha: ukiwa katibu, andika hata la mtu mmoja. Hushukuru, wakaenda zao.

Msimu uliopita nilimfuata Malolo kumwomba radhi. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Nilipotaja baraza, akauliza habari za mvua za Ruangwa. Nikamweleza. Akauliza za ufuta. Nikamweleza hizo pia, mpaka basi la kunirudisha likapiga honi.