Nishani ya Tatu ya Ami

Nishani ya ami yangu niliifua. Sisemi niliipangusa kwa kitambaa, wala niliisugua kwa ndimu kama wafanyavyo watu wenye akili. Niliifua, pamoja na utepe wake, ndani ya karai moja na kofia zake mbili za vito, zile za kudarizi, na maji nikayatia dawa ya madoa, ile kali ambayo ukiifungua paka wa mtaa huhama. Kisha, kwa kuwa kazi nusu siipendi, utepe nikautia wanga. Nikauvisha furuma, lile gogo tunalokaushia kofia, nikauweka dirishani upate jua, nikenda kulala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Jioni utepe ulikuwa umesimama wenyewe, mkavu kama mkate wa mofa wa juzi. Asubuhi ulikuwa na mistari ya rangi. Sasa ulikuwa na rangi moja tu, ya chai iliyoongezwa maji kwa sababu mgeni amekuja bila taarifa.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na kemia nilipata alama ambayo mwalimu aliifunika kwa kiganja asije akaiona mwenzangu. Kwa hivyo nilijitetea kwa moyo mkunjufu kwamba utepe ni utepe. Ami akaketi bila kuangalia kama kuna kiti. Alhamdulillahi, kilikuwako.

"Mwanangu," akasema, "chuma chake kila mtu anacho. Aliyekwenda huku na aliyekwenda kule, chuma ni kimoja. Utepe ndio usemao ulikwenda wapi. Sasa huu wasema nilikwenda kwa dobi."

Ami ni ndugu wa marehemu baba yangu. Alikuwa mwanajeshi, akastaafu zamani, na tunaishi nyumba moja humu Mji wa Kale, yeye chini mimi juu. Wiki ile alikuwa ameletewa mwaliko, pamoja na wastaafu wengine wa kisiwani, wa kupita kwenye gwaride la sikukuu ya taifa pale ufukweni Mama Ngina. Sharti lilikuwa moja: kila mtu avae nishani zilizoandikwa katika kumbukumbu zake za utumishi, si zaidi. Nishani za ami ni tatu. Kumbukumbu zake zilisema mbili. Ile ya tatu, aliyoipata alipokwenda kulinda amani katika nchi moja ya jangwa, haikuandikwa popote.

"Si uende na mbili?" nikamwambia. "Nani atahesabu?"

"Sendi. Nikenda na mbili, hapa mtaani watasema hii ya tatu niliiokota. Nitakwenda na tatu au nitakaa hapa nikutazame wewe ukifua."

Basi ilikuwa ni kuirekebisha ile kumbukumbu, na upesi. Ndiyo sababu alinipa nishani niisafishe kidogo, apate kuipeleka ofisini ikiwa na heshima. Neno lake lilikuwa "kidogo". Nakiri nililisikia.

Alipiga simu ofisini akaeleza msiba wa utepe. Akajibiwa kwa upole kwamba, maadamu utepe hausomeki, alete mtu aliyekuwa naye huko jangwani, atoe maelezo mbele ya karani. Ami akaweka simu chini, akatazama dirishani, ng'ambo ya kichochoro, kwa macho ya mtu aliyeambiwa dawa yake ni shubiri.

Ng'ambo ya kichochoro anaishi jirani yetu, aliyekuwa mpishi wa jeshi. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi, jioni hukaa barazani na ami wakichokozana. Ndiye mtu pekee kisiwani aliyekuwa naye kambi moja. Na ndiye mtu pekee ambaye ami hakutaka aulizwe.

Sababu ni hii. Ami ana kisa chake cha jangwani, nacho kila aliyepita mtaani kwetu amekisikia, mpaka mtu wa kusoma mita ya maji. Husimulia kwa sauti ya chini: "Jua latua. Niko peke yangu. Nikatahamaki wamenizunguka pande zote, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Basi nikatulia. Sikufyatua hata risasi moja." Hapo hunywa kahawa, na watu hukaa kimya. Ila mpishi. Yeye kila kisa kikifika kwenye risasi hukohoa. Miaka yote nilidhani ana pumu, mpaka siku moja nikampelekea maji ya tangawizi. Aliyapokea, akaniambia, "Ahsante mwanangu, lakini ugonjwa wangu uko nyumbani kwenu."

Tulivuka kichochoro mimi na ami, mimi mbele.

"Masalkheri, mpishi," ami akasema.

"Masalkheri, afande. Leo umekuja na mlinzi."

Ami akaeleza haja yake akitazama ukuta. Mpishi alikuwa akikanda unga wa kesho. Akakanda, akakanda, mpaka nikaanza kuuhurumia ule unga.

"Nitakwenda," akasema mwishowe. "Lakini nitasema yaliyokuwa. Yale ya barazani sitayatia sahihi."

"Yaliyokuwa ndiyo hayo hayo."

Mpishi akakohoa.

Ofisi yenyewe iko upande wa pili wa Feri. Niseme hapa kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu mimi Tononoka, hapa hapa kisiwani, ni safari, na ningekuwa na pasipoti ningeomba igongwe muhuri kule. Lakini utepe niliuharibu mimi, na ami aliniambia kwamba askari anayeharibu zana hutoa maelezo mwenyewe. Nikavaa buibui langu la harusi, nikafunga na mahamri kwenye kitambaa kana kwamba twenda Makka.

Kwenye feri ami alisimama wima hata muuza korosho akampisha bila kuambiwa. Mpishi alikaa juu ya ndoo ya mtu. Mimi nilisoma dua zote nizijuazo, na zilipokwisha na feri bado yaenda, nikasoma ile ya kula.

Karani alikuwa bwana wa makamo, mwenye miwani na subira. Aliishika nishani, akaugonga utepe mezani. Ukalia ko, ko.

"Huu umekuwaje?"

Wazee wawili wakanigeukia kwa pamoja, kama waliopewa amri.

"Umetiwa wanga," nikasema.

"Kwa nini?"

Katika maswali yote niliyowahi kuulizwa maishani, hilo ndilo nililokuwa sikulisoma kabisa. Nikasema ulikuwa umekunjika. Karani akaandika kitu, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Kisha akamgeukia mpishi. "Mzee, nataka jambo moja. Jambo ambalo hawezi kulijua ila mtu aliyekuwako pale na huyu bwana."

"Ngamia," mpishi akasema.

"Si lazima," ami akasema haraka.

"Mwenyewe ataka jambo moja. Mimi nampa ngamia."

Akaanza kusimulia, mikono imetulia mapajani, sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu. Huyu bwana, akasema, alikuwa dereva wa lori la maji. Kisima kilikuwa mbali na kambi, na kila siku alikwenda akarudi. Siku moja bomba la lori likawa lavuja, na njia nzima nyuma yake ikawa na uzi wa maji. Ngamia wa wenyeji wakaufuata ule uzi. Jua lilipokuwa latua wakamfikia, wakamzunguka pande zote, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

Hapo nikauma ncha ya buibui.

"Akapanda juu ya tangi," mpishi akaendelea. "Sisi kambini twangoja maji ya chai. Tulipotoka kumtafuta, tukamkuta amekaa juu kule kama bwana harusi, na ngamia chini wamlamba viatu. Kwamba hakufyatua risasi, hilo ni kweli, nashuhudia. Bunduki ilikuwa imeanguka, na ngamia mmoja ameipigia magoti."

Karani alivuta mtoto wa meza, akaingiza uso humo, akatafuta kitu kwa muda mrefu sana. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mimi nilicheka mpaka buibui la harusi likanitoka kichwani, nikatoka nje, nikajishika ukutani, nikarudi, nikamwona ami, nikatoka tena.

Niliporudi mara ya pili karani alikuwa amejifuta miwani. Aliuliza sasa swali lililobaki. "Na mbona jina lake halimo katika orodha ya waliotunukiwa?"

Nilidhani mpishi atatoa kichekesho kingine. Hakutoa.

"Siku ya kuvalishwa nishani tulipangwa safu tangu asubuhi," akasema. "Wageni wakubwa walikuja. Mimi nikatazama matangi, maji yamekwisha. Nikamwendea huyu, yuko safuni, nguo zimepigwa pasi, kiatu chang'ara. Nikamwambia, yakhe, maji hakuna. Angeweza kungoja. Mwingine angeningojesha. Yeye akavua lile koti, akapanda lori akaenda zake. Jina likasomwa, hakuna wa kuitika, aliyekuwa akiandika akalipita. Nishani yake ikabaki mezani. Kamanda akanipa mimi nimpe. Nilimpa jioni, mlangoni pa jiko, mikono yangu ina unga."

Hili ami hakulisimulia barazani hata siku moja. Sote tukamtazama, naye akatazama kofia yake.

Karani aliandika maelezo yote, akayasoma kwa sauti. Lori la maji lilikuwamo. Ngamia walikuwamo, na yule aliyeipigia magoti bunduki alikuwamo pia. Mpishi akatia sahihi. Ikabaki ya ami.

Akachukua kalamu, akaishika. Nikafahamu kwamba sasa hakuna wa kumsaidia. Asipotia sahihi, atakuwa na nishani mbili na kisa chake kizima. Akitia, atakuwa na tatu, na kile kisa alichokilea miaka yote kitabaki pale pale juu ya meza ya serikali, kimelambwa na ngamia.

"Haya yakifika mtaani," akaniambia mimi, si mpishi.

"Yatafika," mpishi akasema. "Huyu humjui? Akipiga chafya Mji wa Kale wote husema yarhamukallah."

Ni kweli.

Ami akamrudishia karani karatasi. Nikajua twarudi na mbili. Lakini alikuwa akimwonyesha mstari. "Hapa penye ngamia," akasema. "Tia kwamba walikuwa wakubwa."

Karani akamtazama shahidi.

"Walikuwa wakubwa," mpishi akasema. "Hilo sina neno."

Karani akaongeza, ami akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, akacheka. Alianza polepole, kama lori bovu, kisha likashika moto, na tukacheka wote wanne mpaka mtu wa ofisi ya pili akaja kuuliza kama kuna kheri.

Tukirudi kwenye feri nikamuuliza ami mbona hakutusimulia ile habari ya siku ya nishani, ambayo ni nzuri kuliko ya risasi. Akanitazama kama niliyemtia wanga yeye.

"Hapo pana nini cha kusimulia? Watu walitaka chai."

Zikapita wiki, ami akiiwekea simu mto wa kulalia. Hatimaye wakapiga. Kumbukumbu zimerekebishwa, nishani ni tatu, na utepe mpya uko tayari akauchukue. Karani aliniletea salamu mahususi: usiguswe na maji ya aina yoyote. Utepe ulipofika ami aliuficha, na mpaka leo sijui aliuficha wapi, ingawa nimetafuta.

Siku ya gwaride nilikwenda Mama Ngina kwa miguu yangu. Ndugu zangu waliposikia nimetoka nyumbani mara mbili katika mwaka mmoja, walipiga simu kuuliza naumwa nini. Nilisimama kati ya muuza mihogo ya kukaanga na mama mmoja mwenye mwavuli, nikangoja. Wakapita wastaafu, wengine kwa mkongojo. Ami akapita, kidevu juu, goti lake bovu limesahau ubovu, na kifuani zimepangana tatu, zalialia kwa kila hatua. Nilipiga makelele mpaka muuza mihogo akanipa kipande bure ninyamaze.

Tuliporudi kichochoroni, mtaa mzima ulikuwa nje. Habari ilikuwa imefika, sisemi ilifikaje. Watoto walikuwa wamepiga magoti njiani, shingo wamezinyoosha, wengine walamba hewa. Nikaogopa. Ami akasimama katikati yao, akawakagua mmoja mmoja kama kikosi, akawapigia saluti. Wazee barazani wakapiga makofi. Mtu akaleta kahawa, mwingine akaleta kashata, na ami, kabla hata ya kuketi, akaanza kisa upya, sasa na ngamia wake. Jua lilikuwa latua, akasema. Ngamia, akasema, hawakuwa ngamia wa kawaida. Walikuwa wengi hata jangwa halionekani, na mkubwa wao alikuwa na jicho moja.

Mpishi alikuwa mlangoni kwake, mikono ina unga. Hakukohoa. Alimtazama ami, akazitazama zile tatu, akasema:

"Keti yakhe, uvue viatu, wanuka. Nishani ulipewa kwa kuleta maji, hukupewa kwa kusema."