Paneli ya Mama Mkwe

Yeremia Shimba alikuwa mwoga, na hakuwahi kulificha hilo. Kule Igoma, kwenye kibanda chake cha paneli za sola kuukuu, wenzake walimcheka jinsi alivyoshika waya kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki gogogo mwenye miiba. Acheke anayetaka. Alifahamu mafundi wawili waliounguzwa nyusi zote, na Yeremia nyusi zake alizipenda.

Kazi yake ilikuwa kuoanisha vikongwe. Watu walimletea paneli zilizong'olewa huku na huko, kubwa na ndogo, nyingine zimefutika hata jina. Alizianika juani, akazipima moja moja, akatafuta zinazokaribiana nguvu. Zisizolingana hakuzifunga pamoja. "Ukimfunga maksai mzee nira moja na kijana," alizoea kuwaambia wateja, "shamba zima litalimwa kwa mwendo wa mzee." Na yenye ufa kwenye kioo, au doa la kuungua mgongoni, aliitupa pembeni bila huruma. Hiyo kwake haikuwa paneli tena, ilikuwa moto unaosubiri jua.

Sasa mtu mwangalifu namna hiyo ilikuwaje akaweka moto juu ya kichwa cha mwanawe mwenyewe?

Heshima ndiyo iliyomponza. Mkewe Sabina alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza alikwenda kwa mama yake, ng'ambo ya ghuba ya ziwa, upande wa Sengerema, kama desturi inavyotaka. Nyumba ile haikuwa na umeme. Yeremia akavusha paneli tatu alizozichagua kwa makini, akapanda juu ya bati kuzifunga. Akiwa huko juu, mama mkwe wake, Wilhelmina, akatoka stoo amekumbatia ya nne, iliyoachwa na marehemu mumewe. Kioo kilikuwa na ufa, na mgongoni palikuwa na doa la kahawia.

"Na hii ya kwangu ifungwe, mkwe," alisema. "Nisije nikaonekana mama wa kupokea tu."

Angekuwa mteja, Yeremia angekataa papo hapo. Lakini mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni unaona haya, utamwambiaje kwamba mali ya marehemu mumewe ni takataka?

"Asante, mama," akasema. Akaiunga na wenzake watatu. Mita ilisoma vizuri, naye akajidanganya kwa hilo, ingawa alijua fika kwamba siku mgonjwa yule akizidiwa, wenzake wote wangemmwagia umeme wao mpaka aungue.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Yeremia akarudi Igoma, na hofu ikarudi naye. Kila jua lilipokuwa kali chakula kilimshinda. Ndipo asubuhi moja Sabina akapiga simu.

"Yeremia, hii sola yako inanuka. Kama mfuko wa plastiki unaoungua hivi."

Hapo alipaswa kusema neno moja tu: tokeni. Lakini simu ilikuwa kwenye spika, na pembeni alimsikia mama mkwe akikohoa.

"Ni vumbi tu hilo," akasema. "Nakuja kulisafisha."

Simu ilipokatika ndipo akaelewa alichokifanya. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga tena na tena. Aliacha kibanda wazi, akaparamia bodaboda hadi kwenye kivuko. Abiria wenzake walitafuna karanga na kubishana mpira. Yeye alisimama ukingoni, macho ng'ambo, na kila moshi wa shamba uliopanda kule aliuona ni wa nyumba ile. Aliomba Mungu kwa Kiswahili, akaomba kwa Kisukuma, kisha maneno yakamwishia.

Alipofika, nyumba ilikuwa imesimama. Karibu acheke. Halafu ile harufu ikamfikia, na akaona moshi mwembamba ukitambaa juu ya bati, palepale juu ya chumba cha mama mkwe, ambako Sabina na mtoto walikuwa wanalala. Wilhelmina mwenyewe alikuwa ameshuka bustanini, kando ya ziwa.

Mlangoni mwa chumba kulikuwa na pazia. Mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe, hilo hata mlevi analijua. Basi Yeremia akasimama pale. "Sabina! Sabina!" Kimya. Hebu fikiri: dari la viroba linaanza kutoboka kwa moto, na mwanaume mzima anapiga hodi kwenye pazia!

Alifumba macho, akaingia.

Sabina alikuwa amelala fofofo, mtoto kifuani. Si aliambiwa ni vumbi? Tone la plastiki iliyoyeyuka lilikuwa limetoboa chandarua na kuganda kwenye shuka, kando kabisa ya kiguu cha mtoto. Yeremia alipiga ukelele ambao hakujua ni wake. Akawatoa nje wote wawili, akarudi, akalivuta blanketi la mama mkwe kitandani, akapanda nalo juu.

Majirani walikuja mbio na ndoo. "Maji hapana!" alipiga kelele. "Msimwage maji!" Jua halina swichi, paneli huzimwa kwa kufunikwa. Akatandaza blanketi juu ya zote nne, akakata waya mmoja mmoja. Chini, jirani mmoja akaling'oa lile dari lililokuwa likifuka, akalikanyaga uani mpaka likazimika.

Wilhelmina alifika na kikapu cha mboga kichwani. Alimkuta mkwe wake juu ya bati, na blanketi lake mwenyewe likianikwa mbele ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akatazama juu. "Ni ile ya marehemu?"

Majirani wakainua macho kwa Yeremia.

"Ni waya, mama. Waya ulichoka."

Uso wa mama ukalegea kwa faraja. "Afadhali! Basi irudishe mapema, mjukuu wangu asikae gizani."

Yeremia akamtazama mtoto mikononi mwa Sabina. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye kivuko.

"Hapana, mama," akasema, na sauti ilitoka ndogo. "Ni hiyo yako. Ni mbovu. Niliijua siku ileile uliponipa, nikaogopa kukwambia."

Wilhelmina alitua kikapu chini polepole.

"Kwa hiyo uliniogopa mimi kuliko moto?"

"Ndiyo, mama. Na moto umedondokea kando ya kiguu cha mtoto."

Wilhelmina aliketi palepale mchangani, akanyoosha mikono apewe mtoto, akamshika kile kiguu na kukipapasa.