Triko la Mkwe

Mume wangu akifika nyumbani hukohoa ngazini. Hana mafua, hana kifua. Alianza kukohoa ili mama yangu asikie, ainuke, atoke kwa mlango wa jikoni na kushuka nyuma ya jengo kabla yeye hajaingia kwa mlango wa mbele. Hivyo ndivyo tulivyoishi hapa Umbilo, mtaa wa Durban, tangu mdogo wangu alipomleta mama kutoka Uvira, vita vilipofika mtaani kwake. Watu wazima wawili walikuwa wanakwepana ndani ya fleti ambayo ukipiga chafya jikoni, aliye chumbani anakuombea afya.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, hawatajani. Ni heshima, na mimi nimelelewa humo, siitukani. Lakini kule nyumbani heshima hiyo ina mahali pa kukaa. Kuna ua, kuna migomba, jiko liko mbali na nyumba, kila mtu ana njia yake. Hapa tuna vyumba viwili vya kulala, sebule na choo kimoja. Nilimwambia mume wangu kwamba heshima hii haikupimiwa fleti. Alicheka, akadhani natania.

Na dawa yake iko, kila mtu wa kwetu anaijua. Mkwe analeta mbuzi, mnaita watu wachache, mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja, haya inaisha. Kuanzia siku hiyo wanaweza kukaa chumba kimoja na hata kugombania rimoti ya televisheni. Mume wangu hakuwahi kumtoa mbuzi huyo. Tulioana, tukakimbia, tukafika huku, akapata kazi ya kuendesha lori la makontena bandarini, watoto wakazaliwa, na mbuzi akabaki kwenye maneno. Mama alipokuja, mimi niliomba jambo moja tu: baridi isimkute nje.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Nyuma ya jengo letu, kati ya ukuta na kamba za kuanikia nguo, kulikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa matofali yaliyovunjika na chupa. Kwa kuwa ilimbidi akae huko kila jioni mpaka mkwe ale, aoge na kufunga mlango wa chumba, aliona afadhali mikono yake iwe na kazi. Akaokota matofali, akayapanga pembeni, akapanda lengalenga, ule mchicha wa kwetu, matembele na maboga. Majirani wakasema mama yako anapenda bustani sana. Eish. Mama yangu kule Uvira alikuwa na watu wa kumlimia. Hakupenda bustani, alikosa kiti.

Mwezi wa tatu alipanda maharage. Nikamwambia, mama, huku mwezi wa tatu mvua ndiyo inaaga. Akanijibu kwamba udongo ni udongo na mwezi wa tatu ni mwezi wa tatu. Maharage yakaota, yakatoa majani yao mawili matatu, yakasimama hapohapo. Mwezi wa tano yalikuwa ya njano. Aliyang'oa mwenyewe, akaketi juu ya kasha la bia aliloligeuza kuwa kiti, akatoa sindano zake za kufumia.

Kufuma alijifunza kwa masista, akiwa msichana. Alinituma duka la Umbilo Road nimletee uzi wa sufu wa rangi ya buluu iliyokolea. Nilidhani ni kwa ajili ya watoto. Nilipoona mgongo wa sweta unapanuka nikamuuliza ni la nani. Akasema, bila kuinua macho, "Ni triko la mkwe."

Nilielewa mara moja. Mama alikuwa amechoka kumngoja mbuzi, akaamua kuanza yeye. Hawezi kumwambia mkwe wake niruhusu nikae ndani. Hawezi hata kunituma nimwambie. Lakini zawadi ikitoka kwa mama mkwe, mkwe hawezi kuikalia kimya. Lazima ajibu.

"Nikuletee shati lake upime," nikamwambia.

"Shati la mkwe nilishike mimi?"

"Basi nitakupimia mimi. Mama, amenenepa."

"Mwili wa mkwe hausemwi," akasema, na sindano hazikusimama.

Alikuwa na kipimo chake. Siku mume wangu alipokuja kwetu na wajomba zake kuleta mahari, mama alimchungulia nyuma ya pazia, akaona bega lake limefika wapi kwenye fremu ya mlango. Hiyo ndiyo mara pekee aliyomtazama. Kwa hiyo alimfumia kijana yule aliyesimama mlangoni, mwembamba, shingo ndefu, suruali ya kuazima. Mimi nilikuwa nalala na mtu mwingine kabisa, dereva mwenye tumbo ambaye anakula wali uliobaki kabla ya kwenda kazini.

Jua likaanza kuzama mapema. Watu wa Durban hucheka ukisema baridi, wanakuambia nenda Joburg uone. Mchana wana haki. Lakini saa kumi na moja jioni, mwanga ukiisha na ndege wale wa hadeda wakipita na makelele yao, upepo unaotoka upande wa bandari unaingia kwenye magoti ya mtu mzee na hautoki. Nilimpelekea mama blanketi, nikampelekea chai. "Niko bien, niko sawa, mwanangu," alikuwa anasema. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, akawa anafuma mstari mmoja, anapumzika, anafuma mwingine. Juu, dirishani, taa ya sebule yangu inawaka, na mume wangu amenyoosha miguu kwenye kochi nililolinunua mimi.

Nilimvaa usiku huohuo. "Mama yangu anakaa nje kama mlinzi."

"Haraka haraka haina baraka," akasema. "Mbuzi atakuja. Wajomba zako wawepo, tufanye vizuri."

"Wajomba zangu wako Uvira na wengine wamekufa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nunua hata kuku."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mama yako si mtu wa kuku."

Sijawahi kusikia sifa iliyonichoma vile. Alimheshimu mama yangu kiasi cha kumwacha agande. Nikamwambia heshima si utumwa. Akasema ndiyo maana hataki kuifanya kama kitu cha dukani, akageukia ukutani, akalala. Huyo mtu analala haraka sana.

Triko likaisha. Mama alilifua, akalianika mbali na jua, akalikunja ndani ya taulo safi na kuliweka kwenye kiti ambacho mkwe hukalia akila. Siku hiyo hakungoja kikohozi. Alishuka mapema, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, kile cha kanisani. Nikamwona kutoka dirishani ameketi wima kwenye kasha lake, hashiki jembe wala sindano. Alikuwa anangoja kuitwa.

Mume wangu alifungua taulo, akalivaa triko. Kichwa kilipita. Mikono iliishia karibu na viwiko, na upande wa chini ulikwama juu ya tumbo ukakataa kushuka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikaona anavyoipapasa ile mishono, nikaacha kucheka.

"Amekuanza," nikamwambia. "Sasa jibu. Yuko hapo chini. Nenda kwenye ngazi za jikoni, simama, sema asante tu. Mimi nitakuwa katikati yenu."

"Mtu hajibu zawadi ya mkwe mikono mitupu."

"Basi chukua mkate huo."

Alilivua polepole ili lisifumuke, akalikunja, akalirudisha ndani ya taulo. Akala. Akaoga. Akafunga mlango wa chumba. Mama alipopanda, chakula chake nilikuwa nimekipasha moto tena. Alitazama kiti, akaona taulo halipo, akaketi kula. Hakuniuliza. Mtu anayejua kungoja habari hajifanyi kutongoja, na yeye alikula huku sikio lake liko kwenye ule mlango.

Akangoja wiki ile na iliyofuata. Kila jioni kikohozi kilisikika ngazini, na kila jioni alishuka. Kisha mdogo wangu akapiga simu kutoka Johannesburg, na kabla hajamaliza salamu mama akamwambia aje amchukue.

"Joburg ni baridi kali, mama," nilimwambia. "Huko utaganda kweli."

"Kwa mwanangu wa kiume nitakaa ndani," akasema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo siwezi kulimeza. Asubuhi ya kuondoka mume wangu alikaa chumbani, mlango umefungwa, maana mama alikuwa anapita sebuleni na mizigo yake. Alimuaga kwa kunyamaza nyuma ya mlango. Mpaka leo anaamini alimuaga vizuri.

Sasa yeye ndiye anayeshuka bustanini. Nani angemzuia, huko nyuma hakuna tena wa kumkimbia. Jumamosi anavaa lile triko, tumbo nje, mikono kwenye viwiko, anamwagilia matembele na kukusanya mbegu za lengalenga kwenye gazeti. Anakalia kasha la mama. Majirani wanamsifu, wanasema una mume anayejua kutunza. Mimi nikimwona kutoka dirishani natamani kumrushia sufuria. Nilimuuliza kwa nini analivaa wakati halimtoshi. Akasema, "Ni zawadi ya mkwe."

Juzi mama alipiga simu. Mke wa mdogo wangu yuko kazini mchana kutwa, kwa hiyo mama anakaa peke yake mbele ya hita, ndani kama alivyotaka. Alinieleza habari za magoti. Aliuliza kama maboga yamekomaa. Halafu akashusha sauti, nikajua linakuja.

"Lile triko," akasema. "Lilimtosha?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kila kitu: kwamba analivaa, kwamba ni dogo, kwamba mkwe wake ni mnene, mwoga na anamwagilia mboga zake, na kwamba aje amtazame kwa macho yake mwenyewe, nitawakalisha meza moja hata kama ni kwa kamba. Nikafungua mdomo. Chini ngazini mume wangu akakohoa.

Bado anakohoa. Hakuna anayeinuka, lakini anakohoa.

Mama alisikia. Nikasikia kiti chake kinasukumwa nyuma, huko Johannesburg.

"Mkwe amefika," akasema.

"Mama, kaa. Uko mbali, mama, kaa hapo tuongee."

"Acha nimpishe," akasema, akakata simu.