Taa Nyekundu za Papa Liévin

Studio ya Papa Liévin kule Katuba imebaki jina tu. Watu siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu, na mzee macho yake yameingia ukungu. Lakini Nkandu, mke wake, alipofariki, mzee aligoma kabisa: picha ya misa ya kuondoa matanga ataisafisha mwenyewe, kutoka kwenye negativi aliyompiga wakiwa wachumba. Balaa ni kwamba karatasi ya picha ilibaki moja, na mjini haipatikani tena.

Chumba chake cha giza kilikuwa na balbu moja nyekundu, hafifu. Zamani ilimtosha. Sasa asingeona wakati wa kuitoa karatasi kwenye dawa, na ikichelewa inakuwa nyeusi tii.

"Papa, tuongeze mwangaza," akasema Agnès, binti yake mshonaji. "Si weye njo ulikuwa unatufundisha? Rouge haina nguvu."

Kweli aliwafundisha, tena kwa majivuno. Mwanga ni mawimbi. Bluu inatetemeka mbio, na kila punje ya mwanga wake ina nguvu ya kuamsha karatasi iwe nyeusi, hata ikitoka kwenye simu ndogo. Nyekundu, hiyo rouge, inatetemeka polepole. Punje zake ni dhaifu, na ukizileta maelfu hazisaidiani, kila moja inabaki na udhaifu wake. Kusema hivyo ni rahisi ukiwa na boksi zima la karatasi. Kwa hii moja, mzee wa watu aliyaogopa maneno yake mwenyewe.

Agnès akaazima taa nyekundu kwa Franck, mwenye baa. Liévin akakata kipande chembamba pembeni mwa karatasi, akaweka ufunguo juu yake chini ya taa zile, kisha akakitia kwenye dawa. Umbo la ufunguo likajitokeza. Balbu za Franck zilikuwa nyeupe zilizopakwa rangi tu, na weupe ulikuwa unavuja. Agnès akazirudisha. Alikwenda kwa fundi wa magari, akarudi na betri na taa mbili za nyuma, zile nyekundu za LED. Kipande cha pili kikatoka cheupe pe.

Basi chumba kizima kikawa chekundu, karatasi ikapigwa mwanga kupitia negativi, ikaingia kwenye dawa. Nywele zilitangulia, halafu macho, halafu kile kicheko cha Nkandu cha kufunga mdomo. Liévin aliona kila kitu.

"Iko muzuri, Papa. Toa."

Alishika koleo, mkono haukwenda.

"Papa, inaanza kuwa nyeusi."

"Acha kwanza, mama," akamwambia binti yake.

Agnès akamwangalia baba yake usoni, akaona macho yake hayabanduki kwa Nkandu.

Siku ya misa watu walianza maneno yao, hawana aibu hao: Mama Nkandu hakuwa mweusi hivi. Zéphirin, shemeji wa Liévin, akamwuliza kama ni macho yaliyomwangusha.

"Macho iliona muzuri," Liévin akajibu. "Njo maana nilikawia."