Bukta Iliyozikwa Kwenye Mchicha

Alipostaafu kazi ya kupokea simu ofisini, mke wa fundi cherehani alihamia uani. Watu walidhani anakwenda kupumzika. Yeye akaanza kulala kifudifudi kwenye matuta ya mchicha, matako juu, kioo cha kukuzia jichoni, akiwachungulia nyungunyungu kama mwenye nyumba anayewachungulia wapangaji. Mtaa haukukawia kumpa jina: Mama Nyungunyungu.

Hakukasirika. Aliyesimama kumcheka alikamatwa na kupewa somo. Jongoo huyu anatafuna majani makavu, hizi nyuzi nyeupe ni ukungu unaoyaozesha, nyungunyungu anayavuta chini na kuyala, anachokunya ndicho kinacholisha mizizi.

"Nyinyi mbolea mnabeba kwa gunia kutoka dukani," alikuwa akisema. "Wangu wananinyea papo hapo." Wageni wenye heshima zao walikohoa kidogo na kuaga.

Tatizo lilikuwa mumewe. Fundi aliutaka ua ule ajenge chumba cha pili cha kushonea, na mvua kubwa zilipouacha mchicha na umanjano, akaona upenyo.

"Mama watoto, udongo huu umekufa. Acha kuulilia, tumwage zege."

"Umekufa? Umeupima presha?"

Ila moyoni mke aliingiwa na wasiwasi. Akakumbuka kipimo alichokisikia redioni kwa bwana shamba: zika nguo ya pamba, na kama udongo una uhai, viumbe wake wataila. Wakakubaliana. Nguo ikiliwa, bustani inabaki. Ikitoka nzima, mke atang'oa mchicha kwa mikono yake mwenyewe. Fundi, kwa mbwembwe zote, akaleta bukta mpya, aina ile aliyoinadi mtaa mzima kwamba ni pamba tupu, hata kichanga anavaa. Wakaizika, mke akaitandazia majani makavu juu na chini, kisha akaifukia.

Wiki zile za kungoja alikonda. Kila akimwagilia maji aliinama na kubembeleza: "Kuleni jamani, msiniaibishe."

Siku ya kufukua, kinyozi jirani alikuja kuwa shahidi. Jembe likazama, bukta ikaibuka. Ilikuwa na matope, lakini nzima kabisa. Ukiifua, unakwenda nayo ukweni.

Fundi aliipeperusha kama bendera. "Pole, mke wangu. Marehemu alikuwa udongo mzuri."

Mkewe alipiga magoti. Tayari aliliona zege limelala juu ya matuta yake. Akachota udongo pale ilipotoka bukta, na nyungunyungu wanene kama kamba za viatu wakajinyonganyonga kiganjani. Akatafuta majani aliyotandaza. Hakuna! Yamebaki vijiti. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa kila upande, umeizunguka bukta kama watoto wanavyoizunguka mboga wasiyoipenda.

"Wamekula kila kitu isipokuwa nguo yako," akasema polepole. "Baba watoto, una uhakika hii ni pamba?"

"Pamba tupu! Mbele ya shahidi!"

"Haya. Shahidi, una kiberiti?"

Pamba ikiungua huwa jivu, na harufu yake ni ya karatasi. Pindo la bukta lilijikunja, likayeyuka, likadondosha tone jeusi lenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko.

Kinyozi akajishika kiunoni taratibu.

"Fundi. Mimi nimevaa yako."

"Ndugu yangu, hata mimi niliuziwa hivyo hivyo..."

"Nimekwenda zahanati kwa upele! Nimeandikiwa dawa ya kunywa! Minyoo wameikataa, mimi ndiyo nakaa nayo kazini kutwa?"

"Usipige kelele, wateja watasikia."

"Wateja? Nitaanza na wale walio kwenye kiti changu!"

Habari za zege hazikutajwa tena. Fundi alikuwa na bukta za mtaa mzima za kushona upya, na chumba kimoja kilimtosha sana kujifichia. Siku hizi hanunui jora la kitambaa kabla ya kuomba kipande kidogo cha kuja kuzika kwenye mchicha. Subira hana. Kukipambazuka tu yuko uani amechutama, anafunua majani kwa kidole.

"Wameanza kula?"

"Watakulaje na wewe umewakalia mlangoni?" mkewe humwambia. "Hebu sogea huko."