Muuza Kaniki Ajifunza Enanga

Muuza kaniki wa Nyaishozi, mtu wa pwani, hakupima nguo bila vidole kuchezacheza juu yake. Tangu asikie Wanyambo, wenyeji wa huko, wakiimba kwa enanga, ala yao ya ubao na nyuzi, kila alasiri alikwenda kujifunza kwa jirani, akikosea na kujicheka kwa sauti yake nene. Mkewe Mwaja alishikwa na haya. Siku jirani alipomwoza binti yake, muuza kaniki akaiomba enanga. "Baba Shufaa, utatuaibisha!" Mwaja alinong'ona, akajificha nyuma ya wanawake. Mumewe akapiga huku akiimba. Kinyambo chake kilijikwaa, watu wakacheka, lakini vidole havikukosea, na punde mama wa bibi harusi akainuka kucheza. Uwanja mzima ukamfuata. Mwaja akajipenyeza mbele. "Nipisheni," alisema, "huyo mpigaji ni wangu."