Mkunjo Chini ya Kaburi

Kazi yangu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni kupima nyuzi za kioo zinazobeba simu na intaneti hadi Koboko. Wakati ule tulikuwa tunachagua nuru ya kupitisha katika njia hiyo. Zilikuwa mbili, na zote hazionekani kwa macho. Ile ya mawimbi marefu, nanomita elfu moja mia tano hamsini, hufika mbali bila kuchoka, lakini kebo ikikunjwa sana huvuja. Ile fupi, ya elfu moja mia tatu na kumi, huchoka mapema, ila kwenye mkunjo hujishika ndani ya kioo. Kwa umbali ule mkuu wetu alitaka ndefu, nami nikakubali.

Nilipopima kwa nuru fupi, mstari kwenye skrini ya mashine ya kupimia uliteremka polepole, laini, mpaka Koboko. Nilipopima kwa ndefu, mstari ulifika mahali fulani njiani ukaanguka ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Juma lililofuata anguko lilikuwa kubwa zaidi. Hakuna aliyekuwa amegusa kebo.

Nilitoka na mwenzangu, fundi wa umri wa baba yangu, mzaliwa wa Koboko, mtoto wa askari. Tulipita Ombaci, tukaendelea, na mchana jua likiwa kali tukafika mashine ilipotuelekeza. Palikuwa na nyumba moja kando ya lami, na ubavuni mwake makaburi ya familia. Moja lilikuwa jipya, udongo mbichi. Tulivuta utepe wa kupimia kutoka kwenye shimo la kebo lililokuwa karibu. Uliishia juu ya kaburi hilo. Mwenzangu aliinua viganja akasoma dua kimya kimya, nami nikabaki nimeshika utepe, sijui niuweke wapi.

Mama mwenye nyumba alitoka, akatusalimu, akatuletea viti. Alitueleza kwamba aliyelala pale ni mumewe, askari mstaafu. Wachimbaji walikuta bomba jeusi la kebo, wakalisukuma chini na pembeni, wakamlaza. Kisha akauliza tulijuaje kuja pale. Mwenzangu akamwambia kuna nuru ndani ya bomba, na hiyo ndiyo iliyotuonyesha.

Aliitazama mashine mapajani mwangu.

"Inaonyesha yeye iko nashuka?"

Nilijua ni udongo unaodidimia kwa mvua, unalikandamiza bomba na kuubana mkunjo. Nilijua vizuri. Hata hivyo niliigeuza skrini asiione.

Kebo isingeweza kuzungushwa: upande mmoja lami na mtaro, upande wa pili makaburi mengine. Mwenzangu alimwomba ruhusa tuchimbe kidogo miguuni mwa kaburi.

"Musichimbe, mutoto yangu," alisema. "Mutu yangu ilitembea sana na jeshi. Muache ilale."

Tuliporudi Arua nilimwambia mkuu wetu tuchukue nuru fupi na tuweke kituo njiani cha kuitia nguvu upya. Alibisha, kwa kuwa kituo kina gharama, mwishowe akakubali. Njia ikawashwa. Watu wa Koboko wakapiga simu zao, na nuru ikapita chini ya yule askari kana kwamba hakuna mtu pale.

Lakini kila nilipopita njia ile mama alinisimamisha, na swali lake lilikuwa moja: bado anashuka? Kwa hiyo niliendelea kupima kwa nuru ndefu, katika uzi usiotumika, ingawa kazi haikudai. Mwenzangu hakupenda. Alisema si vizuri kumchungulia marehemu, na kila nilipowasha mashine yeye alitoka nje.

Mvua zilipokwisha, anguko halikuongezeka tena. Nilipima mara ya pili nihakikishe, nikaenda kumwambia yule mama.

"Amefika, mama."

Alisema anajua, kwani tangu juzi nyumba imekuwa nzito kwa utulivu. Akaingia ndani kunifungia karanga za kwenda nazo, nami nikasubiri barabarani, mbali kidogo na makaburi.